Habari za Mbwa wa Picha, na Jinsi Alivyofika Temeke

Habari niiandikayo leo ilianza kwa jeraha la mtoto. Kijana mmoja wa darasa la tatu, katika shule moja ya upande wa Temeke nifundishako, alikaa siku tatu bila kuja shuleni. Alipokuja alikuwa akichechemea, na mguu wake umefungwa kitambaa. Nikamwuliza, "Umepatwa na nini?" Akasema, "Mwalimu, nimeumwa na mbwa." Nikauliza ni mbwa wa nani. Akajibu kwamba hakumjua mwenyewe. Alimkuta amelala penye jalala, akaenda kumpapasa kichwa. "Mbona ulimpapasa mbwa usiyemjua?" Akainama, kisha akasema polepole, "Nilidhani ni kama yule wa kwenye katuni. Yule huonekana mkali, lakini moyoni ni mwema."

Mambo ya jeraha lile nitayaeleza mbele. Lakini jibu lake lilinikaa moyoni, na juma lililofuata niliwaagiza watoto wote wa darasa wachore mbwa, kila mmoja kwa namna amwonavyo. Walipokwisha nikayachukua madaftari nyumbani. Zaidi ya nusu walikuwa wamechora mbwa mmoja: kifua kipana kama cha mchukuzi wa bandarini, miguu mifupi iliyopinda, taya la chini limetokeza mbele, meno mawili yamechomoza juu ya mdomo, na shingoni ukanda wenye miiba ya chuma. Nikastaajabu sana. Mbwa wa namna hii hayumo mtaani mwetu. Mbwa wetu ni wembamba, rangi ya mchanga au kahawia, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Mchana hulala chini ya mikokoteni, na usiku hutafuta riziki. Watoto wamewaona hao tangu walipojua kutembea, lakini mkono uliposhika kalamu uliwaacha, ukamchora mgeni.

Basi nikaona vema kuchunguza mgeni huyu ni nani, ametoka wapi, na amepita njia gani hata akaketi katika akili za watoto wa Temeke na Kinondoni. Maana kitu kikishaingia katika akili ya mtoto, mzazi na mwalimu hawana budi kukijua.

Asili yake ni Uingereza, na jina lake ni buldogi, yaani mbwa wa fahali. Zamani Waingereza walikuwa na mchezo mkatili: fahali alifungwa kwa kamba penye nguzo, kisha mbwa wakaachiliwa wamrukie na kumng'ata pua, na watazamaji wakawekeana fedha. Kwa ajili ya mchezo huo walichaguliwa na kuzalishwa mbwa wenye taya pana na ukaidi wa kutokuachia. Mwaka 1835 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukataza michezo ya namna hiyo. Kazi ya buldogi ikaisha, lakini watu hawakumtupa. Wafugaji walimzalisha tena kwa ajili ya sura tu, wakichagua walio wapole, na katika kila kizazi uso ulizidi kuwa bapa, na mikunjo ya ngozi ikazidi. Ndiyo sababu buldogi wa leo ana sura ya mpiganaji na tabia ya mlezi. Tena sura hiyo imemgharimu. Pua yake fupi humzuia kupumua vema, joto humwelemea upesi, na majike wengi hawawezi kuzaa ila kwa kupasuliwa. Akiletwa Temeke mwezi wa Januari, atatafuta kivuli kabla ya saa tatu ya asubuhi.

Waingereza wakamfanya kuwa mfano wa taifa lao. Katika vita kuu zote mbili alichorwa katika magazeti na matangazo kuonyesha ushupavu, na Winston Churchill, aliyekuwa Waziri Mkuu katika vita ya pili, alifananishwa naye mara nyingi. Kwa hiyo wachoraji wa katuni hawakulazimika kumbuni. Walimkuta tayari: kiumbe ambaye uso wake husema neno moja na moyo wake husema jingine. Mambo mawili yapinganayo katika mwili mmoja huchekesha, na mchekeshaji hahitaji zaidi ya hayo.

Sasa na tutazame picha zinazokwenda zenyewe. Wengi hudhani kwamba zilianza Marekani, lakini onyesho la kwanza kubwa lilikuwa Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Tarehe 28 Oktoba 1892, Émile Reynaud aliwaonyesha watu ukutani, kwa nuru ya taa na vioo, picha alizozichora na kuzipaka rangi kwa mkono wake, moja moja, katika utepe mrefu. Siku hiyo alionyesha hadithi tatu, na moja katika hizo ilikuwa habari ya mchekeshaji na mbwa wake. Yaani mbwa alikuwamo katika sanaa hii tangu siku yake ya kwanza! Hata mwaka 1900 watu zaidi ya 500,000 walikuwa wamekwenda kutazama maonyesho ya Reynaud. Lakini sinema ya kamera ilipokuja, watu wakamwacha. Naye kwa uchungu akazitupa nyingi za tepe zake katika mto Seine, akafa maskini mwaka 1918. Hadithi ya yule mchekeshaji na mbwa wake imepotea. Hakuna awezaye kuiona leo.

Huko Marekani, mwaka 1913, J. R. Bray alitengeneza picha ya mbwa mfupi mwenye mwili mrefu, aliyekula soseji pasipo kiasi hata akavimba na kupasuka. Mwaka uliofuata, 1914, Earl Hurd aliomba hati ya serikali kwa ufundi mpya uliopunguza taabu ya kazi. Zamani hizo mchoraji alilazimika kuchora upya kila kitu katika kila picha, nyumba na miti na njia, hata kama kilichosogea ni mkia wa mbwa tu. Hurd alichora viumbe juu ya karatasi angavu, ipenyayo nuru kama kioo, akaiweka juu ya picha ya mandhari iliyochorwa mara moja. Tangu hapo mandhari ilikaa, mbwa akakimbia.

Hata hivyo kazi ilibaki kubwa. Jicho la mtu huona mwendo laini picha zikipita upesi, na sinema hupitisha picha 24 kwa kila sekunde. Fanyeni hesabu, kama ninavyowapa wanafunzi: dakika moja ina sekunde 60, na hadithi moja huchukua yapata dakika 7. Ishirini na nne mara sitini, mara saba, ni picha 10,080. Michoro mingine hutumika mara mbili mfululizo, lakini hata ukigawa kwa mbili hubaki zaidi ya 5,000. Hayo yote ili mtoto acheke kwa muda usiotosha kupika uji.

Katika kampuni ya Walt Disney alitokea Pluto mwaka 1930, mbwa asiyesema, aendaye kwa miguu minne. Na mwaka 1932 akaja Goofy, ambaye naye ni mbwa, lakini huvaa suruali na kunena kama mtu. Watoto huniuliza sana jambo hili: "Mwalimu, mbwa mmoja anamfugaje mwenzake?" Sina jibu ila kwamba katika hadithi zetu pia sungura hulima shamba na fisi huoa.

Lakini yule waliyemchora wanafunzi wangu ni Spike, wa hadithi za Tom paka na Jerry panya. Hadithi hizo zilianzishwa mwaka 1940 na William Hanna na Joseph Barbera, katika kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer. Watu hao wawili walitengeneza hadithi 114 hata mwaka 1958, na 7 katika hizo zilipata tuzo kubwa ya sinema ya Marekani, iitwayo Oscar. Spike aliingia mwaka 1942. Kwanza alikuwa adui tu, wa kumtisha paka na panya pia. Lakini mwaka 1944 ilitoka hadithi ambamo Jerry alimfungua kutoka katika gari la mshika mbwa, naye akaahidi kwamba panya akipiga mbinja wakati wa hatari, atakuja. Tangu hapo akawa mtu wa ahadi. Mwaka 1949 wakampa mtoto, jina lake Tyke, na yule mpiganaji akaonekana akimfundisha mwanawe kwa upole mwingi. Tangu hapo watoto hawakumwogopa tena. Wakatamani awe wao.

Moja katika hadithi zake naitumia darasani. Ilitoka mwaka 1948. Mbwa, paka na panya wamechoka kupigana. Wanaandika mkataba wa amani, wote watatu wanatia sahihi. Siku inakuwa njema. Wanasaidiana, wanakula meza moja, na kila mmoja anamponya mwenzake katika hatari. Kisha gari la nyama linapita, kipande kinene kinaanguka, nao wanakichukua wagawane. Hapo kila mmoja anajikatia fungu kubwa kuliko la wenzake. Ugomvi unaanza, nyama inapotea, na mkataba unapasuliwa vipande vipande. Nikiwauliza watoto, "Nani mwenye kosa?" hunyoosha mikono yote, na kila mmoja hutaja jina jingine. Hata mzee wa ukoo aliyewahi kugawa shamba la marehemu angejua hadithi hiyo ni ya kweli.

Kuna buldogi mwingine wa kukumbukwa, jina lake Marc Antony, aliyetokea mwaka 1952 katika hadithi ya Chuck Jones wa kampuni ya Warner Brothers. Jibwa hilo linabweka kwa ghadhabu mbele ya mtoto wa paka. Lakini kile kitoto hakiogopi. Kinampanda mgongoni, kinajikunja katika manyoya yake, kinalala. Moyo wa jibwa unayeyuka. Baadaye anadhani kimekandwa pamoja na unga na kuokwa kuwa biskuti, naye analia kilio cha mfiwa. Watu wazima wameitazama hadithi hiyo wakafuta machozi, ijapokuwa wanajua ni wino na rangi.

Kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilipofunga chumba chake cha katuni mwaka 1957, Hanna na Barbera wakahamia televisheni, ambako fedha zilikuwa chache. Ikawabidi wachore kidogo. Hila yao ilikuwa hii: mnyama avishwe ukanda au tai shingoni, ili mchoro wa mwili ukae vilevile na kichwa peke yake kichorwe upya, kiungo kinafichwa na ule ukanda. Hivyo Huckleberry Hound wa mwaka 1958 ana tai, na Scooby-Doo wa mwaka 1969 ana ukanda. Siku hizo mbwa wa picha alivaa shingoni alama ya uchache wa fedha, na mtoto wa Temeke, ambaye mbwa wa mtaani kwake hana ukanda wowote, huuchora bila kujua asili yake.

Je, walifikaje huku kwetu? Kabla ya picha zinazokwenda, mbwa wa kuchorwa alikuwa amekwisha kuingia nyumba za pwani akiwa ameketi kimya. Namtaja yule wa santuri za His Master's Voice, asikilizaye sauti ya bwana wake katika gramafoni. Jina lake lilikuwa Nipper, naye alichorwa na Francis Barraud. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay kuimba katika sahani za kampuni hiyo. Hivyo sauti ya mwimbaji mkuu wa pwani, Mwislamu mcha Mungu, iliingia barazani pamoja na picha ya mbwa katikati ya sahani. Watu wakasikiliza wimbo, mbwa wakamvumilia.

Sinema nayo ina habari zake. Mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na kazi ya kujaribu kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, chini ya Baraza la Kimataifa la Misheni, kwa msaada wa fedha za Carnegie kutoka Marekani. Zilitengenezwa filamu yapata 35, za kilimo, afya, posta na mengineyo, na maneno yake yalitiwa katika santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Hizo zilikuwa za mafundisho. Katuni za kuchekesha zilikuwa za majumba ya sinema mjini, kama Empire na Avalon, ambako ilikuwa desturi kuonyesha vipande vifupi kabla ya filamu kubwa. Mwaka 1966 ukafunguliwa uwanja wa sinema ya magari huko Msasani, wilaya ya Kinondoni, ambako familia nzima zilitazama zikiwa ndani ya gari au zimeketi juu ya mikeka. Uwanja huo haupo tena. Mahali pake pamejengwa ubalozi wa Marekani, ingawa watu wangali wakipaita Drive-In.

Unguja walipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini sisi wa bara tulikaa bila televisheni yetu hata mwaka 1994, zilipoanza stesheni za watu binafsi, ITV miongoni mwao. Televisheni ya Taifa ilifuata mwaka 2000. Mimi ni wa kizazi kilichokua wakati huo. Mtaa mzima ulikuwa na seti moja au mbili, na jioni watoto tulisongamana dirishani kwa mwenye nyumba, wengine juu ya ndoo iliyogeuzwa, tukimtazama Tom akifukuzwa na Spike. Hakuna aliyejua Kiingereza, wala haikuhitajika, kwa kuwa paka na panya husema mara chache sana. Mwendo wao ndio lugha yao. Ndiyo sababu walishinda hadithi nyingine nyingi.

Baadaye vikaja vibanda vya video, ambavyo watu wamevibandika jina la vibanda umiza, kwa sababu ya mabenchi yake na joto lake. Humo filamu za kigeni zilipewa maneno ya Kiswahili na mafundi wa kusimulia. Mashuhuri miongoni mwao alikuwa Derek Mukandala, ajulikanaye kwa jina la Lufufu. Wao hawakufasiri neno kwa neno. Walimleta mgeni nyumbani, wakampa maneno ya mtaani. Na siku hizi simu ya mkononi imefika hata huko mashambani mliko, wasomaji wangu, na Spike amo ndani yake.

Msidhani lakini kwamba sisi tumekuwa watazamaji tu. Katika wilaya hiyohiyo ya Kinondoni, mwaka 1968, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora wanyama juu ya vipande vya mbao laini kwa rangi za baiskeli, akaviuza karibu na Morogoro Stores huko Oysterbay. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mwizi, lakini wanafunzi wake waliendeleza kazi, wakaunda chama cha ushirika. Mwaka 2010 hadithi za katuni ziitwazo Tinga Tinga Tales zilianza kuonyeshwa Uingereza. Zilitengenezwa Nairobi, kwa kufuata namna ya michoro ile, kila moja ikieleza kwa nini mnyama fulani yuko kama alivyo, kwa mfano mkonga wa tembo. Na mwaka 2014 wasanii wa Dar es Salaam walianza kuonyesha Ubongo Kids katika TBC, hadithi zifundishazo hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Kisha wakatoa Akili and Me kwa ajili ya watoto wadogo zaidi. Humo yumo binti Akili, akaaye chini ya Kilimanjaro, na rafiki zake ni simba mdogo, kiboko na komba.

Angalieni wanyama hao: tembo, simba, kiboko, komba. Mbwa hakupewa kiti cha mbele. Nadhani sababu yaonekana. Jirani zetu Waislamu humhesabu mbwa kuwa najisi. Chombo kilichorambwa naye huoshwa mara saba, na mara moja katika hizo kwa udongo. Wahenga walisema, "Ukicheza na mbwa atakufuata msikitini." Sisi Wakristo wa pwani, ijapokuwa hatuna sheria hiyo, tumeipokea dharau yake. Kumwita mtu mbwa ni tusi nyumbani kwa kila dini. Twasahau kwamba mbwa walimlamba Lazaro vidonda vyake wakati tajiri hakumpa hata makombo, na kwamba mbwa alifuatana na Tobia safarini. Wawindaji wa bara hawakusahau. Wao walisema, "Mbwa wa msasi mkali ni mkali pia," yaani mbwa huwa kama bwana wake. Methali hiyo naiona ina hekima kuliko katuni zote nilizozitaja, kwa kuwa yatufundisha kwamba tabia ya mbwa hutoka kwa mtu amfugaye.

Hapa twarudi kwa kijana wangu. Alilelewa kati ya mafundisho mawili. Mtaa ulimfundisha kwamba mbwa ni kitu cha kupigwa mawe. Katuni ikamfundisha kwamba mbwa ni rafiki mwenye sura mbaya. Yeye, kwa kuwa ana moyo mwema, alichagua fundisho la pili. Lakini yote mawili hayakumfundisha habari za mbwa halisi: kwamba mbwa aliyezoea mawe huuma mkono umpapasao, kwa kuwa hajui mkono wa namna nyingine, na kwamba katika mate yake waweza kuwamo ugonjwa wa kichaa cha mbwa.

Nilipofungua kile kitambaa mguuni pake, nilikuta jeraha limepakwa majivu. Bibi yake alikuwa amefanya alivyojua, tena kwa upendo. Mtoto mwenyewe aliomba asipelekwe hospitali, maana aliogopa kuchapwa kwa kuchezea mbwa. Tukaliosha jeraha, nikaenda na mama yake hospitali siku ileile, akapewa chanjo, akarudishwa tena na tena kwa siku alizopangiwa. Yu mzima. Lakini zile siku tatu bado hunitia baridi nikizikumbuka, maana ugonjwa huu ukikwisha kuonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa.

Wataalamu wamekadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu yapata 59,000 duniani kila mwaka, na katika Tanzania yapata 1,500. Na katika watu 100 waumwao na wanyama washukiwao, 40 ni watoto chini ya miaka 15. Nao wafu hao wangeweza kuokolewa. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, dunia inayo dawa. Dawa ya kwanza ni ile iliyomo katika kila nyumba: jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 15, kisha mtu aende hospitali bila kungoja. Na mbwa nao wachanjwe. Mahali ambapo 70 katika kila mbwa 100 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia. Huko Pemba watu walifanya hivyo wakaukomesha. Ukarudi, wakachanja tena, ukakoma.

Wako wasemao kwamba katuni zikatazwe kwa kuwa zinawadanganya watoto. Mimi sisemi hivyo. Sungura wa hadithi za bibi zetu naye alitudanganya. Hakuna aliyekua akidhani sungura wa porini ajua kusema. Sababu ni kwamba bibi alikuwapo. Alisimulia, kisha asubuhi tukaenda naye shamba, tukamwona sungura halisi akila kunde zetu, na kila mmoja akakaa mahali pake katika akili. Katuni humkuta mtoto peke yake. Haina bibi wa kumwambia asubuhi, "Sasa njoo umwone yule wa kweli." Kazi hiyo ni yetu, wazazi na walimu. Tuketi nao wanapotazama, walau mara moja kwa juma, tuwaulize wameona nini, na yale waliyoyaona yafananaje na ya hapa kwetu.

Baada ya mambo hayo niliwatoa wanafunzi nje, tukasimama mbali na mbwa mmoja wa jirani, aliyechanjwa na kufugwa vema, tukamtazama kwa nusu saa. Mwenye mbwa akawaonyesha jinsi ya kumjua aliyeogopa na aliyekasirika: mkia, masikio, manyoya ya shingoni. Kisha nikawaambia wachore tena. Safari hii kulikuwa na miguu mirefu, mbavu, masikio yaliyosimama, na mkia uliojikunja. Kijana wangu alichora mbwa wetu wa kahawia amelala chini ya mkokoteni. Shingoni hakumtia miiba, bali alimchorea kamba nyembamba yenye kibati kidogo. Nikamwuliza, "Hiki ni nini?" Akasema, "Ni alama ya kwamba huyu amekwisha kuchanjwa, Mwalimu."